Binti anayemuuguza mama: tuanzie wapi?

Swali: Jirani yetu hapa Sinza, binti wa kidato cha pili, anamuuguza mama yake aliyepooza. Anamgeuza, anamwogesha, anamkorogea uji. Shuleni anafika saa tatu. Mbunge atusaidie?

Jibu: Anaweza, ila msianzie bungeni Dodoma. Nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii, Manispaa ya Ubungo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaibebesha halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake. Mkuu wa shule naye aambiwe, binti asije akachapwa kwa kuchelewa.

Mbunge mpeni kazi yake: amuulize waziri wa maendeleo ya jamii watoto wanaouguza wazazi ni wangapi na fungu lao liko wapi. Bungeni, swali la msingi waziri hulijibu kwa karatasi aliyoandaliwa. La nyongeza ndilo humbana. Mwandikieni mbunge yote mawili.