Jinsi Mtoto Mchanga Anavyowajua Watu

Hapo zamani mtu mmoja wa Mandewa, karibu na mji wa Singida, aliondoka kwao kwenda kufanya kazi ya mkonge huko Tanga. Alimwacha mkewe na mtoto wa miezi miwili. Aliporudi, mtoto alikuwa amekwisha timiza miezi tisa. Baba akautua mzigo, akanyosha mikono kwa furaha ili ampakate mwanawe. Lo! Mtoto akaangua kilio, akamng'ang'ania mama yake, akauficha uso. Baba akasikitika sana, akasema, "Mama, mwanangu amenikataa." Mama yake mzee akamjibu, "Mwanangu, hakukukataa, hajakujua bado. Keti, umwache akutazame."

Bibi yule alisema kweli. Mtoto hazaliwi akiwajua watu wote. Hujifunza kidogo kidogo, kama mwanafunzi ajifunzavyo herufi.

Mlango wa kwanza wa kujua ni sikio. Mtoto akiwa bado tumboni huisikia sauti ya mama yake, na akiisha kuzaliwa huipenda kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Mlango wa pili ni pua: baada ya siku chache tu huitambua harufu ya mama yake. Mlango wa tatu ni jicho, nalo ni hafifu mwanzoni. Huona vema vitu vilivyo karibu tu, kadiri ya sentimeta 20 hadi 30, yaani kama toka ziwa hata uso wa mama anyonyeshaye. Basi uso ule ndio kitabu chake cha kwanza.

Apatapo majuma sita au manane huanza kumchekea mtu amtazamaye, hata akiwa mgeni. Lakini afikapo miezi minane hivi, watoto wengi huwaogopa wasiowajua. Hofu hiyo si utovu wa adabu, wala si uchawi. Ni dalili ya kuwa akili inakua. Asiyewajua walio wake, atamjuaje mgeni?

Mwaka 1954 mwanamke mmoja mwenye elimu, Mary Ainsworth, alifika Uganda. Alizitembelea nyumba za Waganda 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akawaangalia watoto 28 pamoja na mama zao. Aliona kwamba mtoto humlilia mama atokapo, na humfuata kwa kutambaa. Tena mama akiwapo, huthubutu kwenda mbali kidogo kuchungua vitu, kisha humrudia. Mambo hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1967.

Je, yule baba wa Mandewa alifanyaje? Aliketi kigodani karibu na mkewe, akazungumza kwa upole, asimshike mtoto kwa nguvu. Siku ya kwanza mtoto alimchungulia tu, kutoka begani mwa mama. Siku ya nne alitambaa, akakishika kidole cha baba yake. Baba hakusema neno, bali machozi yalimlengalenga.

Basi, enyi mnaowabeba wadogo zenu, msiwatupe mikononi mwa wageni kwa mzaha. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI
1. Kwa nini mtoto alimlilia baba yake?
2. Itaje milango mitatu ya kujua.
3. Mary Ainsworth aliona nini huko Uganda?
4. Mgeni akija kwenu, utamsaidiaje mdogo wako asiogope?