Saa za Kusoma Haziokotwi Njiani

Wadogo zangu, barua za safari hii zimeniegemea upande mmoja. Kuna binti wa Kijichi, kule Mbagala. Shahada yake ya sheria anayo, kazi ya karani kwenye ofisi ya mawakili anayo, na anajiandaa kuingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo sote tunaiita Law School. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa mbili usiku, na akifungua daftari herufi zinamchezea machoni. Kuna kijana wa Tegeta, yuko mwaka wa mwisho chuoni, jioni anauza vifaa vya simu. Kuna mama wa Tandika mwenye watoto wawili, ambaye hana hata hiyo shahada, ila anaitaka. Wote wameishia kwenye swali moja: dada, niache kazi nisome?

Usiache. Mwenye nyumba hasubiri matokeo yako yatoke ndipo adai kodi, na mtu anayewaza kula yake ya kesho haelewi kifungu hata akikisoma mara kumi. Ila kubaki na kazi kuna masharti yake, na hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo.

Kwanza tuuheshimu huo mlima. Wengi wenu mnakumbuka Oktoba 2022, matokeo yale yalipotoka nchi nzima ikawa inazungumzia Law School: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliokamata sapu, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, walikuwa 342, na 265 walidisko, wakaondolewa masomoni. Kelele zikawa nyingi hadi Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Lawama zikarushwa kila kona: vyuo vinapitisha watu hovyo, walimu wanakomoa, Kiingereza kinawapiga chenga, wanafunzi wavivu. Kila mtu alikuwa na mchawi wake. Mimi nina la kwangu, na silisikii likisemwa sana: wengi wanafika pale wakiwa wamechoka tayari, wakiwa wamejiandaa kwa vipande vya muda walivyoviokota hapa na pale.

Na ndipo lilipo tatizo la barua zenu zote. Mnaandika, “nikipata muda nasoma.” Mdogo wangu, Dar es Salaam hii muda huupati. Foleni inachukua yake, bosi anachukua yake, msiba wa jirani unachukua yake, kitchen party ya mtoto wa shangazi inachukua yake na mchango juu. Saa ya kusoma lazima itoke mikononi mwa mtu, na huyo mtu lazima aambiwe kabla, mchana kweupe. Ukiiba saa kimyakimya utakamatwa, utaonekana mvivu kazini na mwenye maringo nyumbani.

Tuanze na bosi, maana huyo ndiye anayewatisha. Nawashangaa wanasheria wachanga. Mnaweza kumweleza mlinzi wa getini haki zake zote chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ila za kwenu wenyewe mmezisahau. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku; za ziada ni kwa makubaliano. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Siku 28, wadogo zangu! Huo ni karibu mwezi mzima wa kusoma ukiwa unalipwa mshahara. Lakini ipo mitego. Ukiwa na utumishi wa chini ya miezi sita, bado hujafika kwenye likizo hiyo. Na mwajiri ndiye anayepanga lini uende, kwa hiyo ukisubiri mpaka wiki ya mwisho utakuta mwenzako wa dawati la pili ameshaandikiwa mwezi huohuo na safari yake ya Moshi. Andika barua mapema, taja tarehe, sema sababu. Usidanganye kwamba bibi anaumwa. Kwenye ofisi ya mawakili hasa, bosi anayejua kwamba unakwenda kuwa wakili ana faida kwako, maana kesho atakupa faili ulishike mwenyewe badala ya kukutuma tu kwenda kulisajili.

Nyumbani ni kugumu zaidi. Mama anakutangaza mtaa mzima kwamba mwanangu anasomea uwakili, halafu Jumamosi saa tatu asubuhi anakuita ukamenye viazi vya watu arobaini. Hana roho mbaya. Hajaona kusoma kunafananaje, anachokiona ni mtu amekaa. Basi muoneshe. Kaa naye mezani, mwambie: mama, Jumamosi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri mimi sipo, hata kama unaniona. Mchana nitafua, nitapika, nitakwenda sokoni Tandika. Halafu lishike neno lako, mchana huo ufue kweli. Wenye waume, mazungumzo ni hayohayo, ila anzeni na kuulizana nani atawaogesha watoto Jumatano.

Hapa niwape na somo palepale, maana kazi za nyumbani zina kesi yake maarufu. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mwanafunzi yeyote wa sheria ukimwamsha usiku atakwambia: kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Vizuri sana. Sasa muulize, mwisho wa shauri Bi Hawa aliondoka na nini? Hapo ndipo macho yanapoanza kuzunguka. Wengi wanajibu “nusu.” Hakuongezewa kitu. Mahakama iliukubali msingi kwamba jasho la jikoni ni jasho, kisha ikaona kwamba mumewe alikuwa ameshampa fedha naye akazitapanya. Anayesoma madesa, yale maelezo ya kurithishana, anaujua msingi. Aliyesoma hukumu yenyewe anajua msingi na jinsi ukweli wa shauri ulivyougeuza. Swali la mtihani wa vitendo linakaa hapohapo kwenye ukweli wa shauri, na desa halikupi huo. Hukumu ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, kifurushi kidogo cha data kinakutosha. Soma moja kwa wiki hadi mwisho wake, ukiwa na kalamu.

Nimegusa madesa, ngoja nimalizane nayo. Siwakatazi. Najua kuna desa moja linazunguka limetolewa kopi mpaka kurasa za katikati hazisomeki, na kila kundi jipya linalirithi kama kanga ya bibi. Yatumieni madesa kujua mada zilivyopangwa. Ila anayefaulu ni anayeandika, na kuandika hamfanyi mazoezi. Chukua karatasi tupu, weka simu mbali, jipe dakika 40, andika hati ya kiapo tangu kichwa cha mahakama hadi chini. Kwa mkono. Kwa Kiingereza pia, maana ingawa sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, darasani Kiingereza bado kinatawala, na wengi wenu mnakijua kwa kukisoma tu, hamjakizoea kukiandika mkiwa mnakimbizana na saa. Ukimaliza, angalia mwisho wa kiapo. Umeandika mahali ulipoapishwa na tarehe? Kifungu cha 8 cha Sura ya 12, ile sheria ya makamishna wa viapo, kinavitaka vyote viwili. Viapo vingapi vimetupwa nje mahakamani kwa kasoro hiyo ya mstari mmoja! Na aliyekiandaa ni wakili mzima mwenye tai. Hati kama hiyo moja kila Jumatano usiku, na ya madai Jumamosi, inakutosha kabisa. Mtafute mwenzako mbadilishane, wewe umsahihishe yeye, naye akusahihishe. Msioneane haya.

Binti wa Kijichi, wewe una bahati usiyoiona. Ofisini kwenu mafaili yamejaa kabatini. Unapopeleka nyaraka mahakamani, omba ruhusa ubaki nusu saa. Mahakama ya Wilaya Kinondoni au ya Temeke, keti nyuma, sikiliza wakili anavyomhoji shahidi na hakimu anavyomkatiza. Pale Temeke pana Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, mirathi na ndoa ziko chini ya paa moja. Si kila shauri la familia linasikilizwa hadharani, kwa hiyo muulize karani kwanza. Unalipwa kwa siku hiyo ya kazi na wakati huohuo unasoma sheria ya ushahidi kwa macho. Wenzako walioacha kazi wakajifungia chumbani hawana hicho.

Daladala sasa. Kutoka Rangi Tatu hadi Simu 2000 ukiwa umesimama, mkono mmoja juu, begi kifuani, usinidanganye kwamba unasoma kitabu. Unajitesa na kujipa moyo. Dawa ni sauti. Usiku ukiwa na utulivu jirekodi mwenyewe ukitaja vipengele vya kosa kimoja kimoja: wizi, kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, kuchukua, kitu kinachoweza kuibwa, kwa hila, bila dai la haki. Asubuhi vaa spika za masikioni ujisikilize, na urudie kwa midomo. Abiria wa pembeni akisikia unanong’ona habari za wizi atakumbatia mkoba wake, mwache. Ila simu isionekane, hasa ukikaa dirishani kwenye foleni. Vibaka wanajua taa nyekundu kuliko madereva. Na jioni ukipata kiti, lala. Nasema kwa dhati, hiyo saa ya usingizi ndiyo itakayokupa saa ya kusoma ukifika nyumbani.

Habari ya kukesha sina muda nayo. Mtu wa chuo asiye na kazi anaweza kukesha, kesho akalala darasani. Wewe kesho una bosi. Lala saa nne, amka saa tisa na nusu kama unaishi nyumba ya kupanga yenye kelele, maana hiyo ndiyo saa pekee ambayo redio ya jirani imezimwa.

Kijana wa Tegeta, kwako nina neno fupi na halitakufurahisha. Biashara ya jioni iendelee siku nne, zile mbili ifungwe. Hivi unavyofanya, unauza siku sita na unasoma “baada ya kufunga,” utamaliza mwaka huu ukiwa na mtaji mdogo na matokeo madogo. Chagua siku, wajulishe wateja. Atakayetaka chaja atakuja kesho.

Na mama wa Tandika, wala usijione umechelewa. Azimio la Musoma la 1974 ndilo lililoagiza vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Kusoma ukiwa mtu mzima mwenye ajira ni jambo la zamani nchini kwetu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kikaanza kufundisha 1994, makao yake yako hapo Kinondoni, na Temeke kina kituo. Kinatoa shahada ya sheria kwa watu wa aina yako, na wasiotimiza sifa za moja kwa moja wana programu ya msingi ya kupitia kwanza. Tume ya Vyuo Vikuu nayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata kazini, wenye mtihani wake. Nenda kituoni na vyeti vyako halisi, uulize ana kwa ana. Usimpe mtu wa mtandaoni hela akuombee nafasi.

Mtu akiona hawezi mwaka huu, asubiri kundi linalofuata. Law School inapokea watu kwa makundi, mlango haufungwi milele. Kuahirisha ukiwa na mpango ni uamuzi wa mtu mzima, na walioahirisha wakafaulu mara moja wamewapita walioingia kwa pupa wakarudi kwa sapu.

La mwisho nawageukia wenzangu wenye ofisi, mnaosoma ukurasa huu mkiwa mnasubiri kuitwa mahakamani. Huyo karani wako wa Mbagala anayekuwekea mafaili sawasawa kila asubuhi ataleta barua ya likizo siku si nyingi. Usiiweke chini ya rundo. Isaini, mpe tarehe anazozitaka, na mwezi huo usimpigie simu kumuuliza faili liko wapi.