Mshipi Mkononi mwa Mtoto: Somo Kuhusu Safari za Uvuvi kwa Watoto Wenye Ulemavu na Wenye Maradhi Mazito

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Viktoria mtoto huijua harufu ya dagaa kabla ya kuzijua herufi. Afikapo umri wa miaka saba au minane huwa amekwisha kujua kufunga ndoana, kuchimba nyungunyungu bondeni na kukaa juu ya mwamba akingoja furu au sato avute uzi. Hakuna anayemfundisha kwa ratiba. Hujifunza kwa kuwafuata wakubwa. Kwa sababu hiyo, mtoto asiyeweza kuwafuata wakubwa hukosa mengi kwa wakati mmoja. Yule ambaye miguu haimbebi, yule mwenye kifafa, yule mwenye selimundu au anayetibiwa saratani, hubaki uani akisikiliza vicheko vya wenzake vikishuka kuelekea majini.

Wazazi wanaomzuia mtoto wa namna hiyo hawafanyi hivyo kwa chuki. Ziwa huua, na mzazi aliyekwisha kukesha wodini hahitaji kukumbushwa kwamba uhai ni dhaifu. Hata hivyo, hofu isiyopewa elimu hugeuka kuwa kufuli. Somo hili linaeleza jinsi hofu hiyo inavyoweza kugeuzwa kuwa maandalizi, ili mtoto afike majini, avue kwa mkono wake mwenyewe, na arejee nyumbani salama.

Safari hizi zilivyoanza kwingineko

Safari za uwindaji na uvuvi kwa ajili ya watoto wagonjwa na wenye ulemavu zimeenea sana nchini Marekani. Mwaka 1980 lilianzishwa katika jimbo la Arizona shirika la Make-A-Wish, ambalo humtimizia mtoto mwenye maradhi mazito tamanio lake moja. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo waliotamani kuwinda. Baada ya mabishano makali, shirika hilo liliacha kutimiza matamanio ya uwindaji wa bunduki. Mwaka 1999 mama mmoja wa jimbo la Pennsylvania, ambaye mwanawe aliyeugua saratani alikuwa ametamani safari kama hiyo, alianzisha shirika la Hunt of a Lifetime ili kuwahudumia watoto hao. Kwa upande wa uvuvi, tangu mwaka 1991 shirika la C.A.S.T. for Kids limekuwa likimkutanisha mtoto mwenye ulemavu na mvuvi wa kujitolea, wakavua pamoja kwa siku moja.

Mambo mawili katika safari hizo yanafaa kuigwa. La kwanza ni kwamba chombo hurekebishwa kilingane na mwili wa mtoto. Mwili haulazimishwi kulingana na chombo. Ufito wa kuvulia hufungwa kwenye kiti cha magurudumu, au hushikizwa na mhimili ili mkono dhaifu usielemewe. La pili ni kwamba kila mtoto huwa na mtu mzima wake, ambaye siku hiyo hana kazi nyingine.

Uwindaji haumo katika uwezo wa kata. Nchini Tanzania shughuli hiyo husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na mtu haruhusiwi kuwinda bila leseni. Uvuvi wa mshipi, kwa upande wake, uko karibu na mlango wa kila kaya ya mwambao, na gharama yake ni ndogo.

Haki ya kucheza

Wapo wanaouliza kwa nini mtoto mgonjwa apelekwe kuvua ilhali hajapata dawa za kutosha. Swali hilo ni la haki, lakini jambo moja haliliondoi jingine. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa mwaka 2009, unaeleza katika kifungu cha 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na wenzao. Aidha, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inawalinda dhidi ya ubaguzi. Kwa hiyo mtoto anayepelekwa ziwani hafanyiwi hisani. Anarejeshewa sehemu ya utoto wake.

Kila maradhi na tahadhari yake

Maandalizi huanzia kwa mganga wa zahanati au kituo cha afya, ambaye huulizwa swali moja: je, mtoto huyu aweza kukaa nje kwa saa mbili, na ni dalili gani zitamfanya arudishwe haraka?

Mtoto mwenye kifafa asikose dozi yake siku ya safari, wala asiende na njaa au uchovu wa kukosa usingizi. Avue akiwa ameketi nchi kavu, amevaa jaketi okozi, na mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kifafa kikimshika, asogezwe mbali na maji, alazwe kwa ubavu, na asitiwe kitu chochote kinywani. Mshtuko ukizidi dakika 5, au ukimpata akiwa ndani ya maji, apelekwe hospitali hata kama ameonekana kupata nafuu.

Mtoto mwenye selimundu huumizwa na baridi, maji yaliyolowesha nguo na kiu. Apewe maji ya kunywa mara kwa mara, avae nguo kavu zenye joto, na asiingie ziwani. Mtoto mwenye ualbino, kinyume chake, huumizwa na jua, ambalo juu ya maji huwa kali zaidi kwa sababu huakisiwa. Huyu avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kukinga jua, na asikae nje kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Ifahamike basi kwamba alfajiri inayomfaa mmoja humdhuru mwingine. Waandaaji wasiwapangie watoto wote saa moja bila kupima hali ya kila mmoja.

Mtoto anayetibiwa saratani huwa na kinga hafifu. Mchubuko wa ndoana au mwiba wa samaki, ambao kwa mwingine ni jambo dogo, kwake waweza kuleta maambukizi mazito. Avae glovu, mtu mzima amtolee samaki kwenye ndoana, na homa yoyote baada ya safari ihesabiwe kuwa dharura. Mtoto mwenye mgongo wazi huenda asihisi miguu yake. Asiketishwe juu ya jiwe au bati lililopata jua, na ngozi yake ikaguliwe baada ya safari. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aweza kupata shida ya kumeza, hivyo samaki atakayeliwa atolewe miiba yote. Mtoto mwenye usonji aelezwe mapema hatua za siku nzima, na asiachwe peke yake hata kidogo, kwa kuwa baadhi yao huvutwa na maji bila kuogopa kina.

Mtoto kiziwi hukubaliana na msimamizi wake juu ya ishara za "acha", "rudi" na "hatari" kabla ya kufika ufukweni. Kwa mtoto asiyeona, mshipi wa mkono ni bora kuliko ufito, kwa maana samaki agusapo chambo habari hufika moja kwa moja kwenye kidole.

Mahali na vifaa

Mahali pachaguliwe kwa ushauri wa wavuvi na Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, yaani BMU, kwa kuwa wao ndio wajuao palipo na mamba, viboko au kina cha ghafla. Ufukwe wenye majani na konokono uepukwe, kwa sababu vimelea vya kichocho huingia mwilini kupitia ngozi iliyogusa maji. Mtoto avulie juu ya gati au mwamba mpana, wala asisimame majini. Hapa wazazi wakumbuke pia kwamba dawa za kichocho hutolewa kwa wingi shuleni. Mtoto asiyeandikishwa shule huweza kuzikosa, na safari ya uvuvi ni nafasi njema ya kuliuliza jambo hilo zahanati.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe siku iliyotangulia. Ikilazimu kutumia mtumbwi, kila aliyemo avae jaketi okozi linalomtosha, na mtoto asifungwe kwenye kiti wala kwenye mtumbwi kwa kamba, kwa kuwa chombo kikipinduka kamba hiyo itamzamisha.

Ndoana iwe ndogo, na kijino chake kibanwe kwa koleo ili itoke kwa urahisi. Ikimchoma mtu kwa kina isivutwe kwa nguvu. Aende zahanati, na aulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Iliyochoma karibu na jicho isiguswe kabisa.

Ni nani anayevua?

Chukulia mfano wa binti wa miaka kumi na mmoja mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mkono wake wa kulia haumtii. Ameletwa gatini na mama yake, na mzee mvuvi amejitolea kuwa naye.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mvuvi ni wewe; mimi ni wa kuchota maji mtumbwini. Mshipi tuufunge mkono upi?"

Binti ananyoosha mkono wa kushoto. Mzee anazungusha kitambaa laini kwenye kiganja chake, kisha anaushikiza uzi juu ya kitambaa kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Robo saa inapita, kisha nusu saa. Uzi unapotikisika, mama anainuka ili amsaidie. Mzee anamzuia kwa upole: "Mwache, mama. Samaki huyu ana mwenyewe." Binti anavuta, uzi unateleza, anavuta tena. Samaki anaponyoka.

Katika hatua hiyo safari nyingi huharibika. Mtu mzima hukimbilia kumvua samaki mwingine, akampachika mtoto mkononi, na watu wakapiga makofi. Mtoto hajui kuwa amevua. Anajua kuwa amepigiwa makofi. Mzee wa mfano huu anaweka chambo kipya na kusema, "Hata mimi huniponyoka. Tutupe tena." Kwa neno hilo amemweka binti katika safu ya wavuvi, ambao wote hukosa na kurudia. Hata jioni ikiingia bila samaki, binti atakuwa na habari yake mwenyewe ya kusimulia.

Heshima hiyo ihusu pia picha na hotuba. Mtoto asipigwe picha ya kusambazwa bila ridhaa yake na ya mzazi wake, wala asikalishwe juani akisubiri viongozi wamalize kuzungumza. Majina ya wasimamizi wote yaandikwe na yajulikane kwa mzazi, na mtoto asikabidhiwe kwa mtu asiyefahamika. Familia zenye watoto wenye ualbino, ambao wamewahi kuwindwa na watu waovu katika Kanda ya Ziwa, zina sababu ya kudai jambo hilo kabla ya lingine lolote.

Samaki na sheria

Ulemavu hauondoi wajibu wa kulinda ziwa. Sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya sentimita 50 hurudishwa majini. Maeneo ya mazalia ya samaki hayavuliwi. Mtoto apewe rula, apime mwenyewe na aamue mwenyewe. Kumwachia samaki mdogo ni sehemu ya elimu ya uvuvi.

Pa kuanzia

Mzazi aanzie ofisi ya kijiji au ya kata, ambako ataelekezwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Uvuvi. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii washirikishwe mapema, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaozifahamu nyumba zenye mtoto asiyeonekana hadharani. Safari ya kwanza iwe ya watoto wachache na saa chache: watoto wanne, watu wazima watano, huyo wa tano akiwa na simu, sanduku la huduma ya kwanza na usafiri ulio tayari. Ni heri safari ndogo iliyokamilika kuliko kubwa iliyokatizwa na ajali.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa kitongoji

1. Ni watoto wangapi katika kitongoji ambao hawajawahi kufika ufukweni, na ni nani aliyekwisha kuzungumza na wazazi wao?

2. Ni gati au mwamba gani ulio karibu ambao kiti cha magurudumu chaweza kufika, na ni kazi gani ya mikono inayohitajika kuitengeneza njia yake?

3. Ni wavuvi gani wenye subira ya kukaa na mtoto mmoja kwa saa mbili, bila kumvulia samaki wake?