Profesa Aliyewakataa Wengi

Wahenga walisema, "Mkataa wengi ni mchawi." Mwaka huu nimeona niwaletee habari za mtu aliyewakataa wengi, wala hakuwa mchawi. Naye ni Joseph Rotblat, profesa wa fizikia ya tiba.

Maisha ya mwanzo

Rotblat alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka 1908, katika jamaa ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa na biashara ya kusafirisha mizigo kwa farasi. Vita Vikuu vya Kwanza vikaiangusha biashara hiyo, ufukara ukaingia nyumbani. Kijana akawa fundi wa umeme mchana, usiku anasoma. Akasoma hivyo hivyo mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1938.

Mwaka 1939 alikwenda Liverpool, Uingereza, kufanya kazi na James Chadwick, yule aliyegundua nyutroni. Mkewe, Tola, alibaki Polandi kwa sababu ya ugonjwa. Septemba vita vikaanza, njia zikafungwa, na Tola akafa mikononi mwa Wanazi. Rotblat hakuoa tena.

Bomu

Kiini cha urani kikipigwa na nyutroni hupasuka, kikatoa nguvu pamoja na nyutroni nyingine, nazo hupasua viini vingine. Ndiyo siri ya bomu la atomiki. Rotblat aliogopa Hitler asije akalipata kwanza. Kwa hivyo mwaka 1944 alijiunga na wanasayansi wa Los Alamos, Marekani. Kumbe mwisho wa mwaka huo ikajulikana kwamba Wajerumani hawana bomu! Kwake yeye sababu ya kazi ile ilikuwa imekwisha. Akafunga mizigo akaondoka, wenzake wakabaki. Agosti 1945, miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa.

Hospitalini

Kutoka 1950 hadi 1976 alikuwa profesa wa fizikia katika chuo cha udaktari cha hospitali ya St Bartholomew's, London. Alichunguza jinsi mionzi inavyodhuru mwili. Mionzi ni kama moto wa jikoni. Ikipimwa vizuri huua seli za saratani. Ikiachwa ovyo huleta saratani yenyewe. Mwaka 1954 Marekani ililipua bomu kule Bikini, na wavuvi wa Kijapani waliokuwa mbali wakaangukiwa na majivu yake wakaugua. Rotblat alipiga hesabu akaonyesha kwamba sumu ya bomu lile ilizidi ile iliyotangazwa.

Mwaka 1955 alitia sahihi tangazo la Bertrand Russell na Albert Einstein la kupinga vita vya nyuklia. Mwaka 1957 alisaidia kuanzisha mikutano ya Pugwash, Kanada, ambako wanasayansi wa Marekani na wa Urusi walikaa meza moja. Mmojawapo wa mikutano hiyo ulifanyika Addis Ababa, kule inakoelekea barabara yetu ya Isiolo ukishapita Moyale. Mwaka 1995 yeye na Pugwash walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka 96.

Funzo

Sisi wa Isiolo hatuhitaji kuambiwa silaha ni nini. Bunduki za wezi wa mifugo twazijua. Kijana akiitwa na wenzake waende kuvamia, akikataa huitwa mwoga. Mimi nasema huyo ndiye shujaa, hata akibaki peke yake. Na ninyi wenzangu mnaoikimbia fizikia, rudini darasani! Somo halina hatia. Kazi ni kwa anayelitumia.