INTANETI: WALIYOTABIRI NA YALIYOTOKEA



Ndugu mwanafunzi, elimu ya ghaibu ni ya Allah (S.W.) peke yake. Mwanadamu hukadiria tu, mara akapata, mara akakosa. Tuchukue mfano wa intaneti.

1. Walisema itaanguka
Mwaka 1995 Robert Metcalfe, mmoja wa wavumbuzi wa njia ya kuunganisha kompyuta iitwayo Ethernet, aliandika kuwa intaneti ingezidiwa na kuanguka mwaka 1996. Haikuanguka. Mwaka 1997 aliisaga makala yake kwa maji mbele ya hadhara, akaila. Mwaka huo wa 1995 mwanasayansi wa Marekani, Clifford Stoll, naye alikataa kuwa watu watanunua vitabu na kusoma magazeti kwa mtandao. Hawa hawakuwa wajinga. Waliipima kesho kwa mashine za siku ile.

2. Walisema umbali utakufa
Mwaka 1997 Frances Cairncross wa Uingereza alitoa kitabu kuhusu kufa kwa umbali. Kwa upande wa habari alipata. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na nchi ikapunguza kutegemea setilaiti. Lakini mfuko wa saruji bado husafiri kwa lori, na malori bado yanapita njia panda ya Tinde. Tena wengi waliitazamia kompyuta, kwetu ikatangulia simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania 2008, na hutumika hata kwenye simu ndogo isiyo na intaneti.

3. Walisema ujinga utakwisha
Hapa ndipo walipokosea zaidi. Walitumaini kuwa elimu ikimfikia kila mtu, uongo utakosa pa kukaa. Sisi wa Shinyanga tunajua uvumi unavyoua. Vikongwe waliuawa mkoani kwetu kwa kusingiziwa uchawi, kisa macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa jikoni tu. Uvumi ule ulipita kwa mdomo. Leo ukiingia kwenye simu hufika Kahama na Geita kabla mtu hajauliza umetoka wapi.

Funzo
Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Ukipokea ujumbe unaomtuhumu mtu, jiulize:
(a) Nani amesema?
(b) Ameona, au amesikia tu?
(c) Ukiwa uongo, nani ataumia?
Ukikosa majibu usiusambaze, hata kama umetumiwa na mjomba wako. Simu hubeba chochote inachopewa. Amana iko kwa anayebonyeza.

Maswali
1. Kwa nini wataalamu wa 1995 walikosea?
2. Taja jambo moja ambalo umbali haujalifia.
3. Waulize wazee wako: ni uvumi gani uliwahi kumdhuru mtu kijijini, na nani angeweza kuuzuia?