Kuchora Sura ya Mtu kwa Tableti: Ya Kufanya na Yasiyofanywa

Dai picha halisi kabla ya kushika kalamu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, na mikunjo ya macho imekuwa madoa. Mteja aitume kama dokumenti.

Usitegemee selfi. Simu iliyoshikwa karibu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Ukiifuata ilivyo, utachora mtu ambaye mama yake mzazi hamtambui. Omba picha nyingine, iliyopigwa mita mbili au zaidi.

Fungua turubai kubwa tangu mwanzo. A3 ya kuchapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi inataka 3508 kwa 4961. Turubai ndogo ikikuzwa baadaye huleta ukungu tu.

Usifuatishe mistari juu ya picha. Uso hauna mistari. Una mahali ambapo mwanga hugeuka kivuli. Weka picha kando, upime. Mstari wa macho hukaa karibu na katikati ya kichwa, wala si juu kama wanagenzi wanavyouweka. Geuza turubai kushoto kulia mara kwa mara, na taya iliyopinda utaiona papo hapo.

Usimweupishe mtu. Hili silisamehi. Ngozi nyeusi haipatikani kwa kahawia moja, ukatia nyeusi kwenye vivuli na nyeupe kwenye mng'ao. Nje mchana, paji la uso hupokea anga, kwa hiyo mng'ao wake huegemea bluu. Sikio lililopigwa na jua kwa nyuma huwa jekundu. Wala usidonoe rangi moja kwa moja kutoka kwenye picha. Kamera ikipima mwanga wa ukuta mweupe, uso mweusi mbele yake huzama gizani. Picha za filamu nazo zina kasoro yake: kwa miaka mingi Kodak ilisawazisha rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu. Ndiyo maana katika albamu nyingi za nyumbani bibi amebaki macho na meno. Mchore bibi, usichore kosa la filamu. Mteja akisema "mng'arishe kidogo", kataa.

Weupe wa jicho usiupake nyeupe tupu. Kope la juu huutia kivuli. Meno vilevile.

Omba ruhusa ya mpiga picha. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi Lynn Goldsmith, aliyempiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981, dhidi ya taasisi ya msanii Andy Warhol, ambaye taswira zake zilitokana na picha hiyo. Kama Warhol hakuachiwa, usitarajie wewe kuachiwa.

Usifute kovu, chale wala mwanya bila kuuliza. Kwa marehemu, uliza mara mbili: huenda mwanya huo ndio wanawe watakaoutafuta kwanza.