Leza na Ngozi Yetu: Weka Mkorogo Chini

Kijitabu hiki ni cha anayetaka kuondoa nywele, chale au doa kwa mashine ya leza, na cha wote wanaoishi naye.

LEZA HUFANYA NINI
Ni mwanga mkali unaopenya ngozi ukitafuta weusi. Ukiukuta, hugeuka joto, na joto hilo huunguza shina la unywele. Lakini ngozi yetu nayo ni nyeusi. Mashine isiyofaa humwaga joto juu juu, na kinachoungua ni ngozi. Leza ya nanometa 1064 hupenya zaidi na ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi kuliko ile ya 755. Uliza namba hiyo. Asiyeijua mashine yake asikuguse.

MKOROGO
Usipake mkorogo kabla ya leza. Usipake mkorogo baada ya leza. Mikorogo mingi ina steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Ngozi iliyochubuliwa huungua upesi na hupona polepole. Yanayotuchosha kliniki ni yale yale: mtu kapigwa leza, kabaki na doa jeusi, kapaka mkorogo kulifuta, doa limekuwa kidonda, kidonda kimekuwa kovu lililovimba. Doa hilo mara nyingi hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa likikingwa na jua. Liache. Usipake mkorogo.

Kama tayari unatumia, mpelekee daktari kopo lenyewe na uahirishe leza. Hatakugombeza, ila ukimficha hawezi kukukinga.

MACHO
Hakuna miwani maalumu ya leza? Ondoka.

KABLA YA KUKUBALI
Wahudumu wajaribu leza kwanza kwenye sehemu ndogo, kisha msubiri siku kadhaa. Nyoa nywele, usizing'oe. Usiende ukiwa umebabuka jua. Sema kama makovu yako huvimba au unameza isotretinoini, dawa ya chunusi. Doa linalokua, linalobadilika rangi au kutoa damu, hasa la wayoni au chini ya kucha, lisipigwe leza kabla daktari hajalichunguza. Huenda ni saratani.

UKIUNGUA
Maji safi ya baridi yatiririke juu yake dakika 20. Usiweke barafu, dawa ya meno wala yai. Usipake mkorogo. Usitumbue malengelenge. Fika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Jicho likiuma au kuona ukungu, nenda hospitali yenye daktari wa macho, hata kama ni usiku.